Kilo Mbili za Maji

Hakuna aliyeniambia kwa mdomo.
Nilifika kituo namba saba, bondeni chini ya Tukuyu,
barua ya ajira nimeifunga ndani ya nailoni,
mzee Ambakisye akaniachia kiti chenye mguu wa kuchomelea,
kalamu iliyofungwa kwa uzi,
na kimya.
Gunia likaning'inia. Mshale ukasema thelathini na tatu.
Yeye akaandika thelathini na moja.

"Maji," akasema, bila kunitazama.

Na kweli maji yalikuwepo.
Kwetu Rungwe mvua hainyeshi, inahamia
na vyombo vyake vyote.
Majani ya chai huja migongoni mwa akina mama
yakichuruzika mpaka visiginoni.
Nikaelewa. Nani asingeelewa?
Kufika Juni nilikuwa natoa mbili bila kuwaza,
kama mtu aliyekulia nyumba ya mlango mfupi:
huinama hata kanisani.

Akaja mkurugenzi mpya.
Akatupeleka semina Mbeya mjini, siku mbili, hotelini,
sambusa na soda,
tukaandika kwenye vikaratasi vya rangi sisi ni watu gani.
Mimi niliandika *uaminifu*.
Nina mwandiko mzuri; kikaratasi changu kilibandikwa cha kwanza.

Wiki ya tatu pikapu ikaleta fremu:
TUNU ZETU, tano, herufi za dhahabu.
Ukuta wenye nafasi ulikuwa mmoja tu, ule wa juu ya mizani.
Anyelwisye akapigilia msumari.
Gunia la kwanza chini ya fremu lilikuwa na ishirini na nane.
Nikaandika ishirini na sita.
Hakuna aliyecheka.
Hilo ndilo linalonirudia usiku: hakuna hata aliyecheka.

Mwaka huu wamenipa wa kumfundisha, Tupokigwe,
binti wa chuo, viatu bado vyeupe.
Mvua za Oktoba zimechelewa.
Majani yanakuja yamekauka, yanachakacha kama noti za benki.
Natoa mbili. Anauliza, si kwa ukali,
kama mtu anayeuliza choo kiko upande gani:
"Maji yako wapi?"

Nikafungua kabati nitafute waraka.
Faili za miaka kumi na moja.
Nikakuta risiti za sukari,
barua ya onyo kwa mtu aliyekwisha kuzikwa,
kalenda yenye picha ya meneja ambaye jina lake nimelisahau.
Waraka wa maji, hakuna.
Nikampigia mzee Ambakisye, siku hizi anafuga nguruwe Kiwira.
"Mimi nilimkuta nao Gwamaka," akasema.
Na Gwamaka?
Nikasikia nguruwe wakigombania debe.
"Gwamaka alikikuta kituo."

Mama yangu alipima hapahapa
kabla sijajua kusoma. Nilishika pindo la kanga yake.
Mshale, kalamu, risiti.
"Ndaga fijo," akamwambia karani, akakunja gunia lake tupu.
Njiani, kwenye daraja la magogo, akasema peke yake:
"Kiwanda nacho kina kiu."
Nilidhani ni utani. Nilicheka mimi, mtoto.

Sasa Tupokigwe anangoja.
Gunia la Bi Subilaga linazunguka polepole kwenye ndoano,
foleni imefika kwenye migomba,
na mshale umetulia: thelathini na tano na nusu.
Nampa kalamu.
Uzi ni mfupi, inabidi asogee mpaka bega lake liguse langu.
Anaandika thelathini na tano na nusu.

Bi Subilaga anaisoma risiti.
Anaigeuza nyuma, anaigeuza tena mbele,
anaisogeza juani.
Kisha ananiambia mimi, si binti,
kwa sauti ya chini, ya mtu anayekuokoa na aibu:
"Karani, mmekosea."